Sura ya Nne: Fumba, Shangani na Sindano ya Santuri

Mwaka 1928 kikundi cha taarab kutoka Unguja kilipanda meli kwenda Bombay kutia nyimbo kwenye santuri. Mwenye sauti alikuwa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa wazazi wa asili ya utumwa, aliyekulia kwenye ufinyanzi na kuviuza vyungu kwa kuvinadi njiani. Pamoja naye walikuwamo mafundi kama Subeit bin Ambar, Mbaruk Effandi Talsam na Maalim Shaaban. Waliokuwa wakiwasubiri ni Gramophone Company ya Uingereza, kampuni yenye nembo ya mbwa aliyeinamisha kichwa mbele ya bomba la gramafoni, ambayo wengi waliijua kwa herufi tatu tu: HMV.

Miaka mitatu baadaye, 1931, kampuni hiyo iliungana na mshindani wake, Columbia, ikazaliwa EMI. Na EMI hiyo hiyo ndiyo iliyotoa nchini Uingereza, mwaka 1973, santuri ndefu ya kwanza ya bendi ya rock iliyoitwa Queen. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara.

Kwa hiyo sauti mbili za Unguja zilizofika mbali kuliko zote, moja ya shamba la kusini na moja ya nyumba ya ghorofa Shangani, zilipita mlango mmoja wa biashara, zikiachana kwa miaka 45. Jambo hili halitajwi mara nyingi. Siti husomwa kwenye historia ya taarab na Freddie huwekwa kwenye historia ya rock ya Kiingereza, na anayeandika habari za mmoja huwa hana haja na mwingine. Lakini aliyekaa nyumbani na santuri zao, akaziweka moja baada ya nyingine, ana swali halali la kuuliza: chombo hiki kiliwafanyia nini waimbaji hao, na kiliwafanyia nini waliokuwa wakiwasikiliza?

Ni vyema kuanza na kazi yenyewe ya kupiga santuri enzi za Siti. Gramafoni haikuhitaji umeme. Ubavuni ilikuwa na mkono wa chuma wa kujazia springi; ukizungushwa ipasavyo, springi ilitosha kuendesha upande mmoja wa sahani, na ikianza kulegea katikati ya wimbo, mwimbaji alishuka taratibu mpaka sauti yake ikawa nzito kama ya mwanamume. Sahani ya inchi 10 ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulikwisha baada ya dakika tatu hivi. Sindano ilikuwa ya chuma, na wenye kuzitunza mali zao waliibadilisha kila baada ya upande mmoja, kwa sababu sahani ilikuwa na unga wa mawe ndani yake na unga huo ulikuwa ukiila ncha. Ndiyo maana sindano ziliuzwa kwa mamia, ndani ya vikopo vidogo vya bati.

Sahani zenyewe zilikuwa kwa sehemu kubwa zao la India. Kilichoshikamanisha unga ule kilikuwa shelaki, ute mgumu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti katika misitu ya huko, na kampuni ilikuwa na kiwanda chake Calcutta tangu 1908. Kwa mtu wa Unguja aliyezoea kununua nguo, mchele na viungo kutoka ng'ambo hiyo ya bahari, kununua sauti kutoka huko huko hakukuwa ajabu. Ajabu ilikuwa kwamba sauti hiyo ilikuwa ya mtu wa kwao na ilisema Kiswahili. Santuri zilizojaa madukani kabla ya hapo zilikuwa za Kiarabu, za Kihindi na za Kizungu.

Dakika tatu ni chache mno kwa taarab. Katika shughuli ya harusi wimbo hauna haraka: ala hufungua, mwimbaji huingia na ubeti wa kwanza, kibwagizo hurudiwa, mtu huinuka kwenda kutuza, ubeti ukiwagusa watu huimbwa tena. Bombay hapakuwa na mtu wa kutuza. Palikuwa na maikrofoni, na fundi mwenye saa. Beti zilipaswa kuchaguliwa, ala zikafupishiwa utangulizi, na kosa likitokea katikati hapakuwa na namna ya kulikata na kuliunga. Kikundi kilirudia wimbo mzima. Kinachosikika kwenye sahani zile ni watu waliokaa chumba kimoja wakapiga kwa pamoja mpaka mwisho. Wapo wanaosikitika kwamba santuri iliunyima wimbo nafasi yake ya kawaida, na wana haki. Lakini ufupi huo uliwalazimisha kutoa maneno makali kwanza, na kwa mtunzi wa Kiswahili, aliyezoea kuficha jambo zito ndani ya mizani chache, huo haukuwa mzigo mkubwa.

Mfano mmoja unatosha. Wimbo wa Siti uitwao "Kijiti" unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka bara aliyeuawa Unguja, mwuaji akatoroka, na wanawake waliokuwa na marehemu wakaishia kuwa ndio walioadhibiwa. Kisa hicho kilikwisha kusemwa sana mitaani. Kilipowekwa kwenye santuri kilipata kitu ambacho maneno ya mtaani hayana: kiliweza kurudiwa neno kwa neno, bila kuongezwa wala kupunguzwa, mbele ya watu ambao hawakuwako. Mahakama ilikuwa imeandika hukumu yake kwa Kiingereza. Hii nyingine ilipatikana dukani, kwa Kiswahili.

Santuri za Siti ziliuzwa Afrika Mashariki kwa makumi ya maelfu, na Columbia na Odeon nazo zikaingia sokoni kutafuta waimbaji wa pwani. Hata hivyo, hesabu ya mauzo haitoi picha kamili, kwani gramafoni ilikuwa ghali na sahani moja ilisikiwa na watu wengi. Mwenye nacho aliiweka gramafoni sebuleni karibu na dirisha. Wasio nacho walikaa barazani. Mikahawa nayo ilikuwa na gramafoni, na mtu aliyeagiza kikombe cha kahawa alilipia pia haki ya kukaa mpaka upande wa pili wa sahani.

Siti mwenyewe aliishi Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililotenganisha mitaa ya wenyeji na Mji Mkongwe, mahali ambapo baadaye ilipita barabara ya Creek Road. Aliitwa kuimba kwenye majumba ya wakubwa, na jioni aliimba kwao, kwa majirani zake. Lakini palikuwa na wasikilizaji ambao hakuweza kuwafikia kwa urahisi, nao ni wanawake wa staha waliokaa ghorofani nyuma ya madirisha ya mbao, wasiotoka usiku kwenda kusikiliza muziki kwenye vilabu vya wanaume. Kwao santuri ilikuwa mgeni anayeruhusiwa kuingia ndani. Mwanamke aliyezaliwa Fumba, ambaye miaka michache nyuma angepita mlangoni pao na vyungu kichwani, sasa aliimba chumbani mwao, na wao ndio walioamua arudie mara ngapi. Hapa pana badiliko kubwa la kijamii ambalo halikupitishwa na baraza lolote la kutunga sheria. Shaaban Robert, alipoandika wasifu wa Siti uliotoka mwaka 1958, alimwona kuwa mtu wa kustahili kitabu kizima, na ni vigumu kufikiri kwamba jina lake lingefika mbali namna ile bila sahani zile kutangulia.

Santuri zilikuwa pia ndio walimu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni, na safari hiyo inahesabiwa miongoni mwa asili za taarab ya Unguja. Klabu ya Ikhwani Safaa ilipoanzishwa 1905, mtu aliyetaka mtindo wa Misri alihitaji bado kumpata aliyewahi kufika huko, au kufika mwenyewe. Gramafoni ilifupisha safari hiyo. Nyimbo za Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab zilifika zikiwa tayari kwenye sahani, na mpigaji fidla aliyetaka kujua kipande fulani kimepigwaje aliinua mkono wa sindano, akaurudisha nyuma kidogo, akasikiliza tena. Sahani nyingi za wanamuziki zina sehemu moja iliyochakaa kuliko nyingine kwa sababu hiyo.

Wakati huo huo muziki wa Ulaya nao ulikuwa na nyumba zake Mji Mkongwe. Wagoa waliopiga kwenye bendi ya Sultani walisoma noti za Kizungu; maofisa wa Kiingereza walikuja na simfonia na opera zao, zikiwa zimekatwa vipande vya dakika nne nne kwenye sahani za inchi 12, simfonia moja ikijaza kasha zima; Waparsi na Wahindi wengine walikuwa na nyimbo za filamu za Bombay. Mtu aliyepita vichochoro vya Shangani jioni moja tu aliweza kupita chini ya Cairo, Bombay na London bila kutoka nje ya mtaa. Katika mtaa huo ndimo alimoishi Freddie, mtoto wa Bomi Bulsara, mtunza fedha wa Mahakama Kuu.

Mama yake, Jer, aliwahi kusimulia jinsi mwanawe alivyopenda kupiga santuri nyumbani na kuimba pamoja nazo, nyimbo za aina yoyote, ziwe za Kihindi au za klasiki. Alipelekwa angali mdogo shule ya bweni Panchgani, India, ambako alijifunza piano na kupiga kwenye bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja 1963. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalifuata, na mwaka huo familia ikahamia Feltham, magharibi mwa London. Hayes, ambako Gramophone Company ilianza kujenga kiwanda chake kikuu mwaka 1907, hakuko mbali na hapo.

Chombo kilikuwa kimebadilika. Mwaka 1948 Columbia ya Marekani ilitoa sahani ya vinili yenye kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na upande mmoja ukabeba zaidi ya dakika ishirini. Simfonia iliyokuwa ikijaza kasha ikaingia kwenye sahani moja. Wimbo wa Umm Kulthum, ambao jukwaani ungeweza kufika saa nzima, sasa uligeuzwa mara moja tu, na shibe ya wimbo haikukatwa tena kila baada ya dakika tatu. Mwaka 1949 ikafuata sahani ndogo ya mizunguko 45, na juu ya hiyo ndipo rock ilipojengwa.

Mwaka 1975 Queen walirekodi "Bohemian Rhapsody". Bombay ya 1928 ilikuwa na watu wote ndani ya chumba kimoja na nafasi moja ya kupatia. Huku palikuwa na mashine ya kanda yenye njia 24, na sauti za waimbaji watatu zilizorudiwa na kulazwa juu ya nyingine mara nyingi mno, hata kanda yenyewe ikakwanguka kwa kupitishwa tena na tena mbele ya vichwa vya mashine. Wimbo una urefu wa dakika 5 na sekunde 55, karibu mara mbili ya santuri ya Siti, na katikati una sehemu ya opera kamili kwa mpangilio, mtoto wa Shangani akirudisha kwa njia yake vile vilivyosikika utotoni. Ulikaa kileleni mwa chati ya Uingereza wiki tisa. Miaka kumi na zaidi baadaye Freddie aliimba na Montserrat Caballé, soprano wa opera kutoka Hispania, kwenye albamu iitwayo "Barcelona" ya mwaka 1988, na hapo hakuna aliyeweza tena kusema alikuwa akicheza na opera kwa mzaha.

Anayeisikiliza albamu "A Night at the Opera" kwenye santuri hukutana na jambo ambalo simu haimwonyeshi. Wimbo huo umewekwa karibu na mwisho wa upande wa pili, yaani jirani na lebo. Kwenye sahani ya inchi 12, mfereo wa nje hupita chini ya sindano kwa mwendo wa karibu sentimita 50 kwa sekunde. Ule wa ndani, kwa sababu duara ni dogo, hupita kwa sentimita 20 na kidogo. Maana yake ni kwamba kipande chenye sauti nyingi kuliko zote kimebanwa mahali penye nafasi ndogo kuliko zote. Sindano iliyochakaa au iliyofungwa vibaya itakwaruza pale pale kwenye opera. Wenye mashine nzuri huitumia sehemu hiyo kama mtihani: wakizisikia sauti zikisimama mbalimbali bila kukwama, wanajua mkono umerekebishwa sawasawa. Sahani ya Siti, kwa kulinganisha, huanza kwa mwendo wa karibu mita moja kwa sekunde. Ndiyo maana, pamoja na mchakacho wake wote, sauti yake hutoka na nguvu inayowashangaza wanaoisikia kwa mara ya kwanza.

Unguja si mahali rahisi kwa santuri. Hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika ukungu huota ndani ya mifuko ya karatasi, ukahamia kwenye mifereo na kusikika kama mvua nyepesi. Vinili ikiachwa dirishani jua la adhuhuri hujikunja. Shelaki haijikunji kwa urahisi namna hiyo, lakini ikidondoka kwenye sakafu ya nyumba ya mawe, huo ndio mwisho wake.

Halafu kuna umeme. Mwezi Mei 2008 njia ya umeme wa Zanzibar kutoka Tanzania Bara ilipata hitilafu na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mmoja. Desemba 2009 ikatokea tena, na mara hii ilichukua miezi mitatu. Jenereta zilinguruma kila kichochoro. Mashine ya santuri yenye mota ya aina ya zamani hufuata mwendo wa umeme wenyewe, hivyo jenereta ikiyumba, piano inayumba. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono peke yake ndiyo iliyoweza kupiga kama ilivyopiga 1928.

Kilichoiondoa santuri majumbani hakikuwa chumvi wala giza, ilikuwa kaseti. Kuanzia miaka ya 1970 mtu aliweza kurekodi taarab ya harusi usiku, asubuhi akatoa nakala kwa majirani, na wimbo ukarudishiwa urefu wake wote pamoja na vigelegele na watu wanaotuza. Hilo lilikuwa jema, na ni haki kulisema. Santuri za taarab ya Unguja zilipotokea tena, mwishoni mwa miaka ya 1980, zilitolewa London na lebo ya GlobeStyle, zikiwa na vikundi vya Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, na wanunuzi wake wengi walikuwa Ulaya. Mwaka 2005 kampuni ya Ufaransa, Buda Musique, ilianza mfululizo wa CD uitwao Zanzibara kwa kutimiza miaka mia ya Ikhwani Safaa. Hivyo mtu wa Paris anaweza kuwa na rekodi ambazo mtu wa Mwembetanga, hapa hapa Unguja, amezisikia redioni tu.

Duniani vinili imerudi kwa kishindo. Marekani mwaka 2020 iliipita CD kwa mapato, jambo lililokuwa halijatokea tangu miaka ya 1980. Nairobi kuna kibanda cha santuri Kenyatta Market kinachotembelewa na watu kutoka nchi za mbali. Mji Mkongwe una jumba la makumbusho la Freddie Mercury lililofunguliwa Shangani Novemba 2019, na maduka ya vitu vya kale yana magramafoni ya bomba la shaba, ambayo baadhi yake yametengenezwa upya India kwa ajili ya wageni. Kinachokosekana ni sahani za Siti na wenzake zikiwa zimekusanywa mahali pamoja hapa hapa kisiwani, mtu akaweza kuingia, akakaa na kuzisikiliza. Zile zilizobaki zimo majumbani, ndani ya masanduku na chini ya vitanda, na kila msimu wa masika unachukua chache.

Kwa hiyo anayelikuta kasha la namna hiyo kwa bibi yake afanye mambo machache. Asizifute kwa spiriti hata kidogo, maana spiriti huyeyusha shelaki na kuuharibu mfereo milele. Maji safi kidogo na kitambaa laini vinatosha, bila kuilowesha lebo. Asizilaze moja juu ya nyingine. Azisimamishe wima, penye kivuli na hewa. Asizipige kwa sindano ya kawaida ya vinili, kwa kuwa mfereo wa zamani ni mpana karibu mara tatu na unahitaji sindano yake, ya mikroni 76 hivi. Na kabla ya kufanya lolote kati ya hayo, achukue kalamu aandike kilichoko kwenye lebo, pamoja na namba ndogo zilizochongwa kwenye sahani yenyewe, katika ile sehemu laini baina ya mfereo wa mwisho na karatasi. Kwa namba hizo mtafiti anaweza kufuatilia ni kampuni gani iliyorekodi upande ule na lini, hata kama jina la mwimbaji limeliwa na mchwa.